Viti Vilivyofiwa

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika kwenye matanga ya Mama Rhoda pale Woodley ni kupindua kiti. Sikuwa na nia mbaya. Mtu aliyefanya kazi ya kukodisha viti na mahema kwa miaka niliyoifanya mimi hawezi kukalia kiti cha plastiki kabla hajakitazama tumboni. Nilikipindua, nikaona kibandiko chetu cha mistari, na kando yake tone la rangi ya kucha, nyekundu, dogo kama punje ya mtama. Ndipo nikakaa. Mama mmoja wa kanisa lake akamnong'oneza jirani yake, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani: "Huyo ndiye mwenye viti. Amekuja kuhesabu vyake, na marehemu hata hajazikwa." Nilitaka kumwambia kwamba viti vile mia mbili na hamsini vilikuja bure, na kwamba yale matone ya rangi aliyapaka marehemu mwenyewe, ili vyetu visichanganyike na vya watu. Lakini kilio kilinitangulia. Nikalia juu ya kiti ambacho nimekuwa nikiwakodishia wengine waketi na kulia, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba viti vyetu ni vigumu sana.

Mwaka nilipokutana na Mama Rhoda nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma ya usimamizi wa ghala, niliyoipata katika chuo cha orofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Huko tulifundishwa, watu thelathini kwa kompyuta sita, namna programu inavyogawa ghala katika kanda. Kinachotoka kila mara kikae Kanda A karibu na mlango, cha wastani Kanda B katikati, na kile kinachotoka Krismasi hadi Krismasi kisukumwe Kanda C huko nyuma. Ni jambo ambalo mpishi yeyote analijua bila kwenda chuo, maana hakuna anayeweka chumvi juu ya dari. Lakini mimi nililijua kwa cheti, na cheti kilikuwa na muhuri, kwa hivyo siku ya kwanza nilipoingia godauni la Bwana Kihara pale Dagoretti Corner, nyuma ya wauza mbao, niliingia kwa mwendo wa mtu anayewaletea watu nuru. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Sakafu ilikuwa udongo robo tatu na saruji robo moja, na ile robo ya saruji ndiyo iliyokuwa chini ya gari la Bwana Kihara.

Bwana Kihara alikodisha kila kitu ambacho watu huhitaji wakikusanyika. Alikuwa na mahema, viti, meza, masufuria ya kupikia watu mia tatu, na zulia jekundu moja lililoliwa na panya upande wa kushoto, hivi kwamba maharusi wetu wote walitembea wakiegemea kulia. Wateja walikuwa wa aina tatu tu: wanaooa, wanaozika, na wanaofanya vikao. Mwenye stoo alikuwa Mama Rhoda, mwanamke mfupi, mpana, kutoka upande wa Vihiga, aliyevaa aproni ya buluu yenye mifuko miwili. Mfuko mmoja ulikuwa wa chaki, wa pili wa njugu. Alisimama mlangoni akanitazama kuanzia chini, na alipofika kwenye viatu hakuendelea juu.

"Wewe ndio wa computer?"

"Ndiyo, Mama. Naitwa Gathoni."

"Na hizo ndizo umevaa za kazi?"

"Nitazoea."

"Wewe utazoea. Hii mchanga ndio haitazoea." Akaingia nyuma ya mlango, akatoka na gambuti mbili za mpira, moja nyeusi na moja ya kijani, zote za mguu wa kushoto. Nilizivaa mwaka mzima.

Godauni lilikuwa tayari limegawanywa katika kanda, ila si kwa herufi. Sehemu ya mlangoni iliitwa Stegi, kama kituo cha matatu, kwa sababu hapakukaa kitu. Chini ya bati lililovuja paliitwa Ziwani. Kona ya nguzo za mahema, ambazo zilikuwa na tabia ya kumwangukia yeyote aliyezijia kwa pupa, iliitwa Kwa Mama Mkwe. Uliiendea polepole, umeinamisha kichwa, na Wekesa, dereva wetu wa lori, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, alipiga hodi kabisa kabla ya kugusa nguzo. Na nyuma kabisa, ukutani, palikuwa na mrundo wa viti vyeupe usiokuwa na jina. Nilipouliza ni vya nini, Mama Rhoda alinijibu bila kugeuka, "Hivyo viache." Nikaandika kwenye daftari langu jipya: viti vyeupe, havitumiki, nafasi imepotea. Leo nikilisoma daftari lile naona aibu ya kushikika kwa mkono.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa plywood. Upande mmoja alikaa Bwana Kihara na simu yake, upande wa pili nilikaa mimi na kompyuta mpya ambayo bado ilikuwa na nailoni juu ya kioo, kwa sababu Bwana Kihara alikataza isitolewe. Siku ya nne nilikuwa nakula chapati na ndengu nilipomsikia akizungumza na mtu kwa simu. Hakuwa mtu wa kupunguza sauti. Nadhani aliamini simu husafirisha maneno kwa nguvu za mapafu. "Eeh, nimeandika kasichana. Kako na diploma. Nimekapatia siku tisini. Hiyo system ikinionyesha kila kiti bila mtu kuuliza Mama Rhoda, basi huyo mama anaenda nyumbani na kasichana tunakaandika permanent. Ikishindwa, nauza computer na kasichana kanaenda. Siwezi lisha wawili kwa kazi ya mmoja." Kipande cha chapati kikaniponyoka. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, siwezi kudanganya, na sasa nilijua ilikuwa imekaliwa na nani.

Ningependa kuandika kwamba niliweka chini chapati yangu nikaenda kumwambia. Sikwenda. Niliokota kipande cha chapati kilichoanguka, nikakila, na kesho yake nikaanza kumfuata Mama Rhoda na kifaa cha kusomea vibandiko vya mistari tulivyobandika kila kitu, nikimkamua maarifa kama mtu anayekama ng'ombe wa jirani. Naye alinipa yote. Alinifundisha kujua hema lililokunjwa na unyevu kwa kunusa mshono, si turubai. Alinionyesha sufuria zipi huunguza wali na zipi hazina kinyongo. Aliniambia usimpe mchungaji kiti chenye mguu uliopinda, maana mchungaji huegemea akitaka kusisitiza. Saa ya chakula tuliketi Stegi juu ya meza zilizokunjwa, yeye na githeri yake, mimi na yangu, na kila siku alikata parachichi katikati na kunisukumia nusu yenye kokwa ili lisiwe jeusi. Nilikula nusu ile nikijua ninachokijua. Parachichi halikuwahi kuniponyoka, nasikitika kusema.

Siku moja tukiwa pale nilimuuliza tena habari za ule mrundo wa nyuma. Alitafuna njugu mpaka zikaisha.

"Hivyo vimetoka matanga," akasema. "Kiti ikitoka matanga haiendi harusi straight. Hiyo ni kuitesa, na ni kutesa maharusi."

"Sasa inakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka ipate kikao. Yoyote. Sacco, chama, mkutano ya wazazi shuleni. Watu wanaikalia, wanakunywa chai, wanabishana juu ya kitu haina maana. Kiti inasahau kilio. Hapo sasa inaweza kwenda harusi."

"Na ikitoka harusi ikienda matanga?"

Alinitazama kwa huruma. "Hiyo haina shida, mama. Hiyo ni maisha."

Nilicheka hadi nikakohoa, nikaandika: imani za wafanyakazi, haziingii kwenye mfumo. Sikio la kufa halisikii dawa. Kwenye mfumo viti vyote vyeupe vilikuwa na nambari moja ya aina, na mfumo ulisema viti vyeupe ndivyo vinavyotoka sana, kwa hivyo vyote vilihamia Kanda A. Niliuvunja mrundo wa nyuma mwenyewe, nikisaidiwa na Wekesa ambaye aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nilibandika herufi kubwa kila mahali. Kwa Mama Mkwe nikabandika C, na nguzo mbili zikaniangukia. Bwana Kihara alikuja akasimama katikati ya godauni, akazungusha shingo, akasema, "Sasa hii inafanana na ng'ambo," ingawa hakuwahi kufika ng'ambo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wiki hiyo nilitembea na zile gambuti mbili za kushoto kama malkia.

Kisha ikaja harusi ya Karen. Ijumaa lori lilirudi na viti mia tatu kutoka mazishini huko Kikuyu, vikashushwa mlangoni, Kanda A, kama nilivyoagiza. Jumamosi asubuhi mfumo ukachagua viti vya harusi, na kwa kuwa ni mfumo wenye akili, ukachagua vilivyo karibu zaidi. Mama Rhoda alisimama nyuma ya lori, mikono ndani ya mifuko yote miwili.

"Hivi vimetoka kuzika jana."

"Mama, system imechagua."

"Sawa. System imesema." Akavua aproni, akafunga kitambaa kichwani, akachukua chupa mbili kubwa za chai, akapanda mbele kwa Wekesa.

"Mama Rhoda, unaenda wapi?"

"Harusi."

"Kwani umealikwa?"

"Viti vimealikwa. Mimi navisindikiza."

Ilikuwa bustani nzuri, yenye nyasi ambazo hata gambuti zangu ziliona haya kuzikanyaga. Tulisimamisha mahema, tukapanga viti, na watu wote wa maana walikuwa bado kanisani isipokuwa kamati ya harusi na shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, aliyekuja mapema kuhakikisha. Shangazi alikalia kiti cha mstari wa mbele kukijaribu. Akahisi kitu. Akapeleka mkono chini, akachomoa kijitabu kilichokwama katikati ya mbavu za kiti, chenye picha ya mzee mmoja anayetabasamu, na juu yake maneno, Safari ya Baba Yetu Hapa Duniani. Vijitabu vile haviwekwi chini vikishaanzwa. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, akageuza, akasoma hata wimbo wa kufunga, ndipo akapiga nduru.

"Hizi viti ni za wapi?" Sasa alikuwa anakagua miguu ya viti, ambayo ilikuwa na udongo mwekundu. Kusema haki, udongo wa Karen nao ni mwekundu, lakini asubuhi ile kila chembe ilikuwa ya kaburi. "Bibi harusi wetu hawezi kukalia hii kitu. Haiwezekani! Toeni zote. Zote!"

Kanisani walikuwa wamebakisha saa moja. Hatukuwa na viti vingine mia tatu. Nilitazama kifaa changu, nikatamani kiniambie la kufanya, nacho kikaniambia: Hali ya bidhaa, tayari. Niliona siku zangu tisini zikiishia pale kwenye nyasi, siku ya sitini na moja. Ndipo Mama Rhoda akaja kwa mwendo wake wa kawaida, ambao haujawahi kuongezeka kwa ajili ya mtu yeyote, akamsalimia shangazi kwa mikono miwili.

"Shangazi, kamati ya harusi iko?"

"Iko, ile pale."

"Ilimaliza kazi yake yote?"

Msomaji anajua kwamba tangu nchi hii ianze kuoana hakuna kamati ya harusi iliyowahi kumaliza kazi yake. Shangazi akasita. "Kuna mambo kidogo ya programu hatujaelewana."

"Basi fanyeni kikao. Hapa hapa, sai. Kiti ya matanga ikipitia kikao haina shida tena. Hiyo ni sheria ya stoo."

"Sheria ya nani?"

"Ya stoo," Mama Rhoda akarudia, kwa sauti ya mtu anayetaja katiba.

Naona kilichomtuliza shangazi ni kule kusikia kwamba kuna utaratibu. Watu wetu wakipewa utaratibu hupona nusu ya ugonjwa. Kikao kikaitishwa, kikafunguliwa kwa maombi, nami nikachaguliwa kuwa katibu kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu. Tatizo ni kwamba wajumbe walikuwa kumi na saba na viti vilikuwa mia tatu. Mama Rhoda akaamua kwamba baada ya kila hoja kikao kihame safu, na akawakusanya wapishi, mpiga picha, walinzi wa lango na wapiga vyombo waketi kama wajumbe waalikwa. Hoja ya kwanza ilikuwa nani azungumze kwanza, wajomba au mashangazi. Ilijadiliwa katika safu nne. Mjomba mmoja mwenye fimbo alisema kwamba ukoo wao haujawahi kutanguliwa, na mwingine akamwambia ukoo wao haujawahi kufika mapema, na hapo tukahama haraka kwenda safu ya tano. Mlinzi wa lango, ambaye hakuwa anamjua bibi wala bwana harusi, alisimama kwa hoja ya nidhamu. Mama Rhoda alipita katikati yao akimimina chai kwenye vikombe vya karatasi, kila mtu mafunda mawili, na uso wake ulijaa furaha.

"Wacha wabishane," aliniambia sikioni. "Hiyo ndio dawa. Andika."

Niliandika. Tulipoanza kusikia honi za msafara tulikuwa safu ya mwisho, tukipiga kura kama keki ikatwe kabla ya pilau au baada, na shangazi mwenyewe alikuwa amesahau kilichomleta, anapiga meza akidai kura irudiwe. Bibi harusi akaja akiegemea kulia juu ya zulia letu, akaketi, akala, akacheza. Nimewahi kukutana naye miaka ya karibuni hapo Dagoretti Corner akinunua mbao za jikoni, mwenye afya, mwenye watoto wanne, na hajui kwamba ndoa yake iliokolewa na mlinzi.

Jumatatu Bwana Kihara alituita. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba neno moja la Mama Rhoda lingetosha kunirudisha mjini na cheti changu, na kwamba mimi, kama ningekuwa yeye, ningelisema na kuliongezea chumvi.

"Harusi ya Karen ilikuwa aje?"

"Ilikuwa poa, boss," akasema Mama Rhoda. "Walikuwa tu na kikao kidogo kwanza."

"Harusini?"

"Kidogo tu." Akatia njugu mdomoni, akarudi stoo.

Niliona haya siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Saa ya chakula sikwenda Stegi. Nilikaa na kitabu cha maelezo ya mfumo, ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, nikasoma ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali pa kuuweka mrundo usiokuwa na jina. Niliupata katika sura ya tisa. Kulikuwa na kanda iliyotengenezewa viwanda vya dawa na unga, iliyoitwa karantini. Bidhaa yenye shaka inaingia humo na mfumo unaifunga. Haionekani kwa anayetafuta mzigo wa kutoa, na haifunguliwi mpaka mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aingize neno lake la siri na kuandika sababu. Kitabu kilisisitiza kwamba mtu huyo awe ndiye anayejua kutambua hali halisi ya bidhaa. Nikaisoma sentensi ile mara tatu.

Nikafungua Kanda K. Nikaamuru kila kiti kinachorudi kutoka mazishini kiingie humo, kitolewe kwa vikao tu, na kikirudi kutoka kikaoni kisubiri kufunguliwa. Kisha nikafika kwenye kisanduku cha jina la mfunguaji. Bwana Kihara alitaka mfumo usiohitaji kumuuliza Mama Rhoda, nami nilikuwa karibu kuandika ndani ya mfumo wenyewe kwamba bila Mama Rhoda kiti hakitoki. Nililijua jambo hilo vizuri. Nilikuwa nimeogopa kwelikweli, maana kodi ya chumba changu Kawangware haikuhusika na dhamiri yangu. Nikaandika RHODA. Nikaenda kumwita achague neno la siri. Alilipiga kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, mimi nikiwa nimetazama ukutani.

"Imeuliza sababu," akasema.

"Andika ile unaijua, Mama."

Akaandika kwa herufi kubwa, akabonyeza, na viti vya harusi ya Karen vikafunguka. Nilipogeuka nilisoma kwenye kioo, chini ya nailoni: VIMESAHAU.

Siku ya tisini Bwana Kihara alivuta kiti kando yangu na kikombe chake cha chai. Alikuwa amevaa tai. "Haya. Nipatie viti mia tatu nyeupe za harusi."

Nikabonyeza. Mia moja na ishirini vilikuwa Kanda A. Vilivyosalia vilikuwa K, vimefungwa, na alama nyekundu.

"Hizo zingine ziko na nini? Zimevunjika?"

"Hapana, boss."

"Ni chafu?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya usimamizi wa hali ya bidhaa. Kilichonitoka ni, "Zimefiwa."

Nje, Wekesa alikohoa.

"Gathoni. Nimenunua computer ndio iniambie viti zimefiwa?"

"Boss, zimetoka matanga. Hazijapata kikao."

"Fungua."

"Siwezi. Anayefungua ni Mama Rhoda."

"Mimi ndio mwenye viti!"

"Imekataa hata mimi, boss."

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Nilianza kukusanya kalamu zangu, kwa sababu nilitaka nitoke kabla hajanitoa. Kisha akainama karibu, akapunguza sauti, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza. "Hebu niambie. Ile harusi ya Wambui wangu, mwezi ujao. Hizo viti zitatoka wapi?"

"Hiyo Mama Rhoda ndio anajua."

Alikunywa chai yake yote, ikiwa baridi. "Basi aendelee kujua," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Na wewe uendelee kuandika chenye anajua." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikupewa barua mpaka mwaka uliofuata.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Bwana Kihara alikuwa na desturi ya kumtuma Wekesa Kenyatta Market atuletee nyama choma, ikaja imefungwa kwa karatasi, na kachumbari kwenye mfuko wa nailoni. Tuliketi Stegi, ambayo kwenye mfumo iliitwa A na kwenye vinywa vyetu haikuwahi. Mama Rhoda alichagua kipande chenye mafuta, akakitazama.

"Gathoni, ile plywood haichagui upande."

Niliacha kutafuna.

"Siku yako ya nne," akasema. "Nilikuwa hapo nje nafagia. Wewe ulikuwa unakula chapati."

"Ulisikia?"

"Huyo mtu hata Ngong walimsikia."

"Na bado ulinifundisha kila kitu?"

"Ningekunyima ungeharibu viti. Viti vimekosea nani?" Akaninyang'anya mfupa uliokuwa kwenye sahani yangu, kwa kuwa aliona siujui kuula. "Halafu ulikuwa umevaa viatu vibaya. Nilikuonea huruma."

Nilimpenda tangu siku hiyo, na nilimwambia, naye akaniambia nile nyama. Alikaa mwenye stoo miaka mingine mingi. Bwana Kihara alistaafu, binti yake Wambui akaniachia biashara niisimamie, sakafu yote sasa ni saruji, na mfumo umebadilishwa mara tatu. Kila mara wataalamu walipokuja kuhamisha kanda zetu waliuliza Kanda K ni ya nini, na kila mara niliwaambia waihamishe kama ilivyo. Mama Rhoda alipostaafu alinikabidhi aproni, mifuko ikiwa na chaki na njugu, na neno lake la siri likiwa limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Lilikuwa GAMBUTI.

Tulimzika Vihiga, Jumamosi, chini ya mahema ya watu wengine ambayo sikuyanusa kwa heshima yake. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye gari pale Dagoretti Corner, nikingoja taa, Mwende akanipigia simu. Mwende ndiye mwenye stoo wa sasa, mwanamke makini kuliko nilivyowahi kuwa.

"Madam, zile mia mbili na hamsini za Woodley. Jana zilienda AGM ya sacco, na wamebishana vizuri sana, hata mwenyekiti ameng'olewa. Kuna harusi Jumamosi wanazitaka. Nazifungua?"

"Jina la kufungua bado ni la nani?"

"Bado ni Rhoda, madam. Hatukuwahi kubadilisha. Naandika tu ile sababu ya kawaida?"

Taa ziliwaka kijani na wa nyuma yangu akaanza kupiga honi. Nilipangusa macho na kiganja.

"Hapana, Mwende. Za harusi tutaazima kwa jirani. Hivyo viache."

"Lakini si vimepita kikao?"

"Vimepita," nikamwambia. "Lakini hivyo bado havijasahau."